Mkao wa Sericho: Miaka Yangu Katika Kliniki ya Masikio

Asubuhi niliyoripoti katika kliniki ya masikio mjini Isiolo sikukabidhiwa mgonjwa. Nilikabidhiwa birika la maji ya moto, jagi la maji ya baridi na bakuli tupu, nikaamriwa nichanganye maji ambayo mtoto hataweza kujua kama ni ya moto au ni ya baridi. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi majuzi tu, na niliona kazi hiyo kuwa dhihaka kwa mtu aliyesoma. Nikachanganya harakaharaka. Muuguzi Mkuu, mama wa Kimeru mwenye mwili mpana na sauti ya chini, alidondosha matone machache kwenye kifundo cha mkono wake, kisha akayamwaga yote karoni.

"Haya ni ya chai," akasema. "Rudia."

Nikarudia.

"Haya ni ya kuogesha mwanajeshi. Rudia, msichana. Hatuna haraka, watoto bado wako kwa foleni."

Mara ya tano hakuyamwaga. Aliushika mkono wangu mwenyewe, akayadondosha kwenye kifundo changu.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Mama."

"Basi hayo ndiyo maji ya sikio. Ukisikia kitu, si yenyewe."

Wiki hiyo nilijifunza sababu yake. Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma, kuna kiungo kinachotuwezesha kusimama wima bila kupepesuka. Maji yenye joto tofauti na la mwili yakipita karibu nacho, mtoto huona chumba kizima kikizunguka, hutapika, na hatamruhusu tena mtu yeyote mwenye koti jeupe amguse kichwa. Nilifanya kazi ile kwa zaidi ya robo karne, na kila siku nilianza kwa kifundo cha mkono. Vipimajoto vililetwa baadaye, nikavitumia kama nilivyoagizwa, lakini sikuacha kudondosha.

Naandika haya kwa ajili ya wauguzi wachanga, na kwa ajili ya wazazi wanaofikiri kwamba kusafisha sikio la mtoto ni kazi ya kijiti cha pamba na dakika moja. Miaka ile kliniki yetu ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama mashariki. Vifaa vyetu viliingia katika trei moja: otoskopu, yaani kurunzi yenye faneli ndogo ya kutazamia ndani ya sikio, bomba la kuoshea, linalofanana na lile la sindano ila halina ncha kali, kibeseni chenye umbo la figo, ambacho hushikwa chini ya sikio ili maji yasimiminike shingoni, na koleo mbili nyembamba zilizofungiwa kwenye kabati la Afisa Tabibu wa Masikio. Koleo hizo sikuruhusiwa kuzigusa.

Jambo la kwanza alilonifundisha Muuguzi Mkuu baada ya maji lilikuwa kutofanya kitu. Nta ya sikio si uchafu. Mwili huitengeneza kwa makusudi ili inase vumbi na kuzuia vijidudu, na kwa kawaida huisukuma nje yenyewe, polepole, kila mtoto anapotafuna na kuongea. Akina mama walituletea watoto wenye masikio mazima wakitaka "yaoshwe yang'ae", naye aliwarudisha nyumbani na kitambaa kibichi cha kufutia sehemu ya nje tu. Tuliondoa nta pale tu ilipoziba mfereji wa sikio, au ilipoleta maumivu, au ilipotuzuia kuona ngoma tuliyohitaji kuiona. Mara nyingi tulikuta kwamba nta ile haikuziba yenyewe. Ilikuwa imeshindiliwa na pini ya nywele, njiti ya kiberiti au kijiti cha pamba, kwa mkono wa mtu aliyempenda mtoto huyo kuliko wote.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa Waturkana wa mjini, na mama yangu alikuwa na pini yake. Nilijua vizuri nilichokuwa nikikikataza.

Kabla sijaeleza fahari ya kazi hii, nitaeleza kosa langu. Mwaka wangu wa tatu, Muuguzi Mkuu akiwa likizoni, aliletwa mtoto wa miaka minne aliyekuwa akilia na kuvuta sikio. Foleni ilikuwa ndefu. Nilitazama kwa otoskopu mara moja, nikaona kitu cha rangi ya kahawia, nikajiambia kwamba ni nta. Nikamwosha. Maji yalikuwa sawasawa, mkono wangu ulikuwa mwepesi, kila kitu kilikuwa kama nilivyofundishwa, isipokuwa kwamba ile haikuwa nta. Ilikuwa punje ya haragwe. Haragwe likiingia maji huvimba, na lile lilivimba ndani ya mfereji usio na nafasi hata ya ncha ya kalamu. Mtoto alipelekwa kwenye hospitali kubwa ya mkoa, akalazwa kwa dawa ya usingizi ili litolewe. Alipona kabisa, lakini bado namsikia akilia.

Afisa Tabibu wa Masikio aliniita ofisini. Alikuwa mtu mwembamba, mtaratibu, aliyezoea kufuta miwani yake kabla ya kutamka jambo zito. Siku hiyo aliifuta kwa muda mrefu.

"Sista Akiru, uliona nini ndani ya lile sikio?"

"Niliona nta, Daktari."

"Hapana. Uliona rangi ya kahawia. Nta uliileta wewe kutoka kichwani mwako." Akavaa miwani. "Kuanzia leo, ukiona usichokijua, weka chombo chini. Hata kama foleni imefika barabarani. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Kwa miezi mingi baadaye aliniita Sista Haraka mbele ya kila mtu, nami sikuwa na haki ya kukasirika.

Baada ya miaka kadhaa nilipewa jukumu la kliniki tembezi. Tulitoka na gari moja, dereva, mimi na masanduku ya dawa, tukaenda Garbatulla, na mara chache, barabara ikikubali, hadi Sericho. Huko nilikutana na samli. Karibu kila mama wa Kiborana aliyeniletea mtoto mwenye maumivu ya sikio alikuwa ameshapasha samli na kuimimina ndani. Nilikuwa mkali sana juu ya jambo hilo. Nilisimama chini ya turubai na kuwagombeza akina mama wenye umri wa mama yangu: samli si safi, samli ikizidi moto huunguza, na kama ngoma ya sikio imetoboka, mafuta yatapita hadi mahali yasipostahili kufika. Kila neno lilikuwa kweli. Wao walinisikiliza kwa adabu, wakaitikia "hayee", yaani sawa, kisha wakarudi nyumbani kupasha samli.

Katika safari mojawapo ya Sericho niliwaambia pia kwamba mtoto asiyesikia asifichwe nyumbani, aletwe Isiolo tumtazame. Nilisema hivyo kama ninavyosema kila mahali. Mama mmoja aliyakumbuka maneno yangu.

Alikuja mwezi wa likizo za shule, juu ya lori la mifugo, pamoja na binti yake wa miaka saba aliyeitwa Talaso. Walikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Mama Talaso alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwetu, kisichojali sana sarufi.

"Salaam aleikum, Sista. Hii mtoto yangu hasikii. Mwalimu anasema ni kichwa ngumu, anachapa yeye. Mimi najua si kichwa. Ni masikio."

"Tangu lini hasikii?"

"Tangu ile ukame. Mwaka moja na kidogo. Zamani alisikia hata mbuzi ikihema." Akamvuta mtoto karibu. "Baba yake amesema shule ikifunguliwa na bado hasikii, atabaki na mbuzi. Anasema mbuzi haiwezi kumuuliza swali. Sista, shule inafunguliwa wiki ijayo."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mezani: masikio mawili na siku saba. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kuona mtoto wake akirudi na alama za fimbo kwa kosa la kutojibu. Mimi, badala ya kunyamaza kama mtaalamu, nilimshika mama yule bega na kumwambia, "Atarudi shule." Nilitoa ahadi kabla sijawasha otoskopu.

Utaratibu wa siku zile ulikuwa kumviringisha mtoto kwa shuka, mikono ikiwa ndani, wahudumu wawili wakimshikilia juu ya kitanda. Tuliuona kuwa ni usalama, kwani mtoto akirusha kichwa wakati chombo kiko ndani, ngoma inaweza kutoboka. Tulimviringisha Talaso. Mtoto asiyesikia maneno ya kumtuliza alijikuta amefungwa mikono na watu wazima wasiojulikana, akapigana nasi kama mwanambuzi anayechinjwa. Wahudumu walitoka jasho. Sikuweza kuingiza hata faneli.

"Wacha," mama yake akasema kutoka mlangoni. Tukamtazama. "Wacha yeye. Mtoto halazwi hivyo."

Akaingia, akamfungua shuka, akaketi chini sakafuni na kunyoosha mguu mmoja. Talaso akalala bila kuambiwa, shavu juu ya paja la mama yake, sikio likitazama dari. Mama akaweka kiganja kimoja juu ya paji la uso na kingine kwenye bega. Mtoto akatulia kabisa. Macho yake yakaanza kusinzia.

"Nyinyi humlaza hivi wakati gani?" nikauliza, ingawa nilikwisha kulijua jibu.

Mama Talaso akaona haya kidogo. "Wakati ya samli, Sista."

Nikapiga magoti sakafuni na otoskopu yangu. Afisa Tabibu alikuwa akipita, akasimama.

"Naona kliniki imehamia chini," akasema.

"Mtoto ametulia, Daktari."

Akatazama mara mbili, kwanza mtoto, kisha shuka iliyotupwa. Halafu yeye pia, na suruali yake iliyopigwa pasi, akapiga magoti.

Masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa na kitu cheusi, kigumu kama lami iliyokauka. Mama alithibitisha kwamba hayajawahi kutoa usaha wala damu, jambo tuliloliuliza kila mara, kwa sababu sikio lililowahi kutoa usaha linaweza kuwa na ngoma iliyotoboka, na hilo haliingizwi maji wala mafuta. Nta iliyokauka kiasi kile haiondolewi siku hiyohiyo. Hulainishwa kwanza kwa matone ya mafuta safi, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu hadi tano. Tatizo lilikuwa kwamba mama huyu hakuwa na ndugu mjini, na lori lililowaleta lilikuwa likirudi kesho yake.

"Tumia kitanzi leo," mhudumu mmoja akanishauri. Kitanzi ni waya mdogo uliopindwa nchani, wa kukwangulia nta. "Ukimrudisha Sericho, hutamwona tena."

Nakiri kwamba nilitamani. Nilimkumbuka mtoto wa haragwe, na mkono wangu ukarudi mfukoni.

"Watakaa kwangu," nikamwambia Afisa Tabibu. "Burat. Siku tano. Nitamwekea matone mwenyewe."

Akavua miwani na kuanza kuifuta. "Sista, nyumba yako si wodi."

"Najua, Daktari."

"Na kama nyuma ya hiyo nta kuna uziwi wa kweli? Nta huweza kukaa mbele ya sikio ambalo mshipa wake umekufa. Tumewahi kuona. Usimwahidi mama kitu."

Nilitazama chini. Alinijua vizuri.

"Umeshaahidi," akasema. Akavaa miwani. "Basi nenda ukaweke matone. Na ujiulize jambo moja njiani: umewagombeza hawa akina mama miaka yote kwa sababu ya mafuta, na leo unamtibu mtoto wao kwa mafuta."

Nilijiuliza, tena si njiani tu. Tofauti ilikuwepo, na ni kubwa: mafuta yetu yalikuwa safi, vuguvugu, matone machache, kwa sikio ambalo historia yake tumeiuliza. Lakini akina mama wale hawakuwa wajinga kama nilivyowachukulia. Walikuwa wamevumbua nusu ya tiba, na mkao wao ulikuwa bora kuliko wetu.

Siku tano walikaa kwangu Burat, pembezoni mwa mji. Mama Talaso hakuweza kukaa bure. Alipalilia vitunguu vyangu hadi shamba likaonekana kama la afisa wa kilimo. Asubuhi na jioni aliketi kwenye mkeka, mtoto akalala pajani, nami nikadondosha matone, nikakanda polepole ile nyama ndogo iliyo mbele ya tundu la sikio ili mafuta yashuke. Tulikuwa tunaishi karibu na kambi ya jeshi, na kila alfajiri baragumu la askari lililia hadi mabati yakatetemeka. Kuku walishtuka. Mtoto wa jirani alilia. Talaso alikuwa ameamka, akicheza na ncha ya mkeka, wala hakuinua kichwa. Nilikuwa nikimtazama kila alfajiri. Mama yake naye alikuwa akimtazama.

Siku ya sita tulirudi kliniki. Nilichanganya maji, nikayajaribu kwenye kifundo changu, kisha kwenye kifundo cha mama, naye akatikisa kichwa kwamba hasikii kitu. Tulitandika mkeka sakafuni. Tukaanza na sikio la kulia. Kwa mtoto wa umri ule, unavuta sikio juu na nyuma kwa upole ili mfereji unyooke. Kwa mtoto mdogo zaidi unalivuta chini na nyuma. Maji hayapigwi kuelekea ngoma. Yanaelekezwa kwenye ukuta wa juu wa mfereji, ili yazunguke nyuma ya nta na kuisukuma nje, na mtoto akikunja uso tu, unasimama. Nilisukuma bomba taratibu. Maji yakatoka yakiwa na rangi ya chai. Nikasukuma tena. Mara ya nne kitu kizima kikateleza nje na kuanguka kwenye kibeseni.

Nilikigeuza kwa ncha ya kitanzi. Ndani ya ile nta kulikuwa na nyuzi.

Nilikausha sikio, nikatazama. Ngoma ilionekana nzima, ya rangi ya lulu, iking'aa kama inavyopaswa. Kisha nikachungulia sikio la kushoto. Mafuta yalikuwa yameyeyusha tabaka la juu, na katikati ya weusi kulikuwa na ncha ya kitu cha buluu.

Nta haina rangi ya buluu. Niliweka bomba chini.

"Daktari," nikaita. "Naona nisichokijua."

Afisa Tabibu alikuja, akalala kifudifudi sakafuni, mtu mzima wa cheo chake, akatazama kwa muda. "Kitambaa," akasema. "Kimekazwa ndani sana. Maji yatakisukuma zaidi." Akasimama, akafungua kabati lake, akatoa moja ya zile koleo nyembamba. Nikasogea kumpisha. Hakuja. Alinipa mimi.

"Mimi, Daktari? Sijawahi."

"Umefanya mazoezi kwenye vielelezo vyangu vya masikio ya plastiki kila Ijumaa. Unafikiri sikukuona?" Akaishika taa juu ya kichwa changu. "Na mtoto amelala siku tano mbele ya mikono yako. Mikono yangu haijui. Endelea, Sista Polepole."

Nilipumzisha kiganja changu kwenye shavu la Talaso, kwa sababu mkono unaoegemea kichwa cha mtoto husogea pamoja nacho. Mama yake alikuwa akimnong'oneza Kiborana, maneno yaleyale ambayo bila shaka alimnong'oneza alipokuwa mchanga. Nikashika ncha ya buluu. Nikavuta kiasi cha unene wa ukucha, nikasubiri. Nikavuta tena. Hakukuwa na sauti chumbani ila ya mama. Kilipotoka kilitoka chote pamoja, kirefu kuliko nilivyodhani, kimeviringishwa kama utambi wa taa.

Mama Talaso alikichukua kutoka kibesenini kwa vidole viwili. Akakisugua, na rangi ikatokea.

"Hii ni leso yangu," akasema.

Kisha akatueleza. Wakati wa ukame walihamia kwenye visima vya mbali na kulala nje kando ya mifugo, mahali penye kupe wengi. Kupe hupenda sikio la mtoto aliyelala. Yeye akararua pindo la leso yake, akachovya vipande kwenye samli, akaziba masikio ya binti yake ili alale salama. Siku chache baadaye Talaso alishikwa na homa kali, akabebwa mgongoni safari ndefu, na katika hofu ile hakuna aliyekumbuka vitambaa. Mtoto alipopona, mama alidhani vilishaanguka vyenyewe. Talaso alipoacha kusikia, wote walidhani ni ile homa.

"Ni mimi," akasema. "Si mwalimu, si homa. Ni mimi nimefunga mtoto yangu masikio." Akanishika mkono. "Sista, usiandike hiyo. Baba yake anajua kusoma."

Nilichukua kadi ya mgonjwa. Sijawahi kuandika uongo kwenye kadi, wala siku ile sikuandika. Niliandika: kitambaa na nta vimeondolewa, masikio yote mawili, ngoma nzima. Nikamsomea.

"Nimeandika kilichotoka, Mama Talaso. Kadi haina mahali pa kuandika nani aliweka. Baba yake akiniuliza, nitamwambia ukweli wote: kwamba mtoto wake alilala nje ukame mzima na hakuna kupe aliyemuingia, na kwamba mama yake alisafiri juu ya lori kutafuta masikio yake mwaka uliofuata."

Talaso alikuwa ameketi. Alikuwa amekamata pindo la sare yangu, akilikunja na kulikunjua karibu na shavu lake, kwanza upande mmoja, kisha upande mwingine. Wanga wa sare ulikuwa ukitoa mlio mdogo. Afisa Tabibu alijificha nyuma yake, akanong'ona jina lake. Mtoto akageuka. Alipima sikio la kulia, akaridhika. Alipima la kushoto, mtoto akachelewa kidogo kugeuka, na miwani ikavuliwa tena.

"Hilo limechoka," akasema. "Tusubiri."

Lori la Sericho lilikuwa likiondoka kesho yake adhuhuri. Alfajiri, baragumu la kambini lilipolia, Talaso aliruka kutoka kwenye mkeka huku ameziba masikio kwa viganja vyote viwili.

"Ni nini hiyo inapiga kelele?" akauliza kwa Kiborana, na mama yake akanitafsiria huku akicheka na kulia.

"Mwambie ni askari wanaamshwa."

Talaso aliondoa kiganja cha kulia, akasikiliza. Kisha akarudisha cha kulia, akaondoa cha kushoto peke yake, akasikiliza tena. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekagua mali yake. Wiki iliyofuata alikuwa darasani.

Tangu siku hiyo hatukumviringisha tena mtoto kwa shuka katika kliniki ile. Mama huketi, mtoto hulala pajani, muuguzi hupiga magoti. Nilipopandishwa cheo kuwa msimamizi wa kliniki, niliomba mikeka kabla ya kuomba viti, na Mganga Mkuu wa wakati huo aliniuliza kama nafungua hospitali au madrasa. Nilimwonyesha. Baada ya wiki mbili alitia saini. Wauguzi waliokuja baada yangu waliuita mkao wa Sericho, na leo hufundishwa kwa jina hilo na vijana ambao hawajawahi kufika Sericho. Nilipokuwa nikirudi kwenye kliniki tembezi, sikuanza tena kwa kugombeza. Nilianza kwa kuuliza, "Nionyesheni mnavyowalaza," kisha nikawaeleza kwa nini samli ibaki jikoni. Sasa walinisikiliza zaidi ya kuitikia tu.

Nilistaafu mapema kidogo, magoti yakiwa ndiyo yaliyoomba ruhusa. Mtu aliyepiga magoti sakafuni miaka yote ile hulipia kwa namna yake, nami silalamiki. Nimefanya kazi ndogo ambayo watu wengi hawajui kwamba ni kazi. Hakuna aliyejengewa sanamu kwa kutoa nta. Lakini wako watu wazima katika mji huu, wengine nawapita sokoni bila kuwatambua, wanaosikia majina yao yakiitwa kwa sababu mikono yangu ilijua kusubiri, na hilo nalisema bila kuona haya.

Mwezi uliopita simu yangu ililia nikiwa shambani Burat. Ilikuwa sauti ya mwanamke, na nyuma yake mtoto mchanga akilia.

"Sista Akiru, nagaa? Uko salama? Ni Talaso. Niko Garbatulla siku hizi, naandika mifugo kwa soko. Mtoto yangu anavuta sikio. Mama anauliza kama amwekee samli."

"Mwambie mama yako anajua jibu langu."

Nikasikia akicheka, na mtu mwingine akicheka kando yake.

"Ana homa? Sikio linatoa maji, au usaha?"

"Hapana. Anavuta tu. Na ameanza kuota jino."

"Basi usiweke kitu. Wala pamba, wala mafuta, wala kitambaa. Akipata homa, au sikio likitoa maji, mpeleke kliniki siku hiyohiyo. Sasa hivi mlaze tu kwenye paja."

Kilio cha mtoto kikapungua, kikaisha.

"Ametulia," akasema. Kisha, kama mtu aliyekumbuka kuleta zawadi, akaongeza: "Sista, nimekuweka kwa sikio ya kushoto. Nakusikia sawasawa."